Msaada wakuu: LabelFrame iko tupu, vitu vyangu vyote vimetokea nje ya boksi

#1 chipukizi_wa_msimbo

Wakuu habari zenu. Najifunza kutengeneza programu zenye madirisha kwa Python, natumia Tkinter. Nimefika kwenye dirisha la mipangilio na nikaona ile fremu yenye kichwa kilichokaa juu ya mstari wake, LabelFrame, ndiyo itanifaa kukusanya vitu vya aina moja: vya kichapishi huku, vya mtandao kule. Kuiweka nimeiweka. Shida ni kwamba boksi lenyewe linatoka jembamba, lina kichwa tu, halafu visanduku vya kuandikia vinajipanga chini yake, nje kabisa.

```
import tkinter as tk
from tkinter import ttk

dirisha = tk.Tk()
dirisha.title("Mipangilio")

kundi = ttk.LabelFrame(dirisha, text="Kichapishi").pack(padx=10, pady=10)

jina = ttk.Entry(kundi)
jina.pack()
nakala = ttk.Entry(kundi)
nakala.pack()

dirisha.mainloop()
```

Hiyo ni baada ya kubadilisha. Mwanzoni `jina` na `nakala` nilivipanga kwa grid (inayopanga vitu kwa safu mlalo na safu wima; pack huvipanga kimoja baada ya kingine), programu ikakataa hata kufunguka: kosa likasema siwezi kutumia grid ndani ya "." kwa kuwa tayari kuna vitu vinavyosimamiwa na pack. Nikageuza vyote kuwa pack, kosa likaondoka, ndipo nikabaki na hili boksi tupu. Siku ya pili hii. Msinicheke.

Natanguliza shukrani.

#2 Pikseli Moja

Hatucheki mkuu. (Tunacheka kidogo.) Nimekaa mkao wa kula, wenyewe wanakuja.

#3 NgaziTatu

Hilo dogo. Fremu za Tk, ile injini iliyo chini ya Tkinter, hujikunja zikawa na ukubwa wa vilivyomo. Ipe upana na kimo, kisha izuie isijikunje:

```
kundi = ttk.LabelFrame(dirisha, text="Kichapishi", width=300, height=150)
kundi.pack_propagate(False)
```

Mimi hufanya hivyo kila mara.

#4 chipukizi_wa_msimbo

Mkuu NgaziTatu nimejaribu, nimeongeza huo upana na kimo kwenye mstari wangu. Nilikuwa na boksi dogo tupu, sasa nina boksi kubwa tupu. Visanduku bado viko chini, nje.

#5 bibi_msimbo

Mjukuu wangu, acha kupima boksi, soma mstari wako wa saba polepole. Umeandika `kundi = ttk.LabelFrame(...).pack(...)`. Je, ndani ya `kundi` kumeingia nini? Si fremu. Kimeingia kile ambacho `pack()` imerudisha, na `pack()` hairudishi kitu: inarudisha None. `grid()` na `place()` ni hivyo hivyo. Chapisha uone:

```
print(kundi)    # None
```

Sasa fuatilia. `ttk.Entry(None)` kwa Tkinter haileti kosa lolote. Ukimpa mzazi None, inadhani hukutaja mzazi, kwa hiyo inampachika mtoto kwenye dirisha kuu. Watoto wako hawajatoka nje ya boksi. Hawajawahi kuwa ndani yake.

Na lile kosa la kwanza ulilolikimbia ndilo lililokuwa linakuambia ukweli. Ile nukta "." ni jina la dirisha kuu katika Tk. Wewe ulidhani unapanga kwa grid ndani ya LabelFrame; Tk ikakujibu kwamba unapanga ndani ya ".", yaani dirisha kuu, ambako boksi lako tayari limekaa kwa pack. Kama `kundi` ingekuwa fremu kweli, kosa lingetaja kitu kama ".!labelframe". Tena lisingetokea kabisa, maana ni ruhusa boksi kukaa kwa pack ndani ya dirisha huku watoto wake wakikaa kwa grid ndani ya boksi. Kisichoruhusiwa ni kuchanganya hizo mbili ndani ya mzazi *mmoja*.

Gawa mstari uwe miwili:

```
kundi = ttk.LabelFrame(dirisha, text="Kichapishi", padding=8)
kundi.pack(padx=10, pady=10, fill="x")

jina = ttk.Entry(kundi)
jina.grid(row=0, column=1)
```

Hiyo `padding` ni pumzi ya ndani, baina ya mstari na vilivyomo. `padx` na `pady` za `pack` ni nafasi ya nje. Watu wengi huzichanganya.

Na NgaziTatu, usikasirike, lakini hiyo ya kuzuia fremu isijikunje ni dawa ya ugonjwa mwingine. Kwa LabelFrame ni bora uiache ijipime yenyewe. Siku mtumiaji akikuza maandishi, boksi lenye kimo cha 150 litakata vilivyomo.

#6 chipukizi_wa_msimbo

Bibi!!! Imekubali. Siku mbili, kumbe ni mabano na nukta. Nimerudisha grid na haijalalamika.

#7 NgaziTatu

Sikasiriki. Ila kwangu imekuwa ikifanya kazi.

#8 Zana_za_Zamani

Vijana mna raha. LabelFrame iliingia Tk na toleo la 8.4, mwaka 2002. Kabla ya hapo ulichora Frame yenye ukingo wa mfereji, kisha ukachukua Label ukaibandika juu ya mstari kwa `place`, ukihesabu pikseli ili maandishi yaukatize mstari vizuri. Ukibadilisha fonti, kazi inaanza upya. Hii ya ttk, yaani ile seti mpya ya wijeti (vipande vya dirisha) zinazofuata mandhari, ikaja na Tk 8.5 mwaka 2007. Ndiyo maana mafunzo mengi mitandaoni yanachanganya `tk.LabelFrame` na `ttk.LabelFrame` kana kwamba ni kitu kimoja. Ni ndugu, si pacha.

#9 chipukizi_wa_msimbo

Asante mzee, hapo hapo ndipo nilipokwama tena. Mambo matatu:

Nimetaka kichwa kiwe cha buluu nikaandika `fg="navy"`, ikaniambia chaguo -fg haijulikani.

La pili linanitisha. Nina maboksi mawili, "Ukubwa wa karatasi" na "Rangi", kila moja lina vitufe vya redio. Nikichagua A4 kwenye la kwanza, ile "Nyeusi" niliyochagua kwenye la pili inazimika. Sasa boksi lina faida gani kama haliwezi kutenganisha?

La tatu: nimeona programu ambazo kichwa cha boksi chenyewe kina kisanduku cha kutiki. Ukitoa tiki, vyote vya ndani vinafifia. Hicho nakitaka kwa sehemu ya proksi (seva ya kati ya kupitia mtandao).

#10 Zana_za_Zamani

La kwanza nakumalizia mimi. `tk.LabelFrame` ya zamani inakubali `fg`, `bg`, `font`, `relief`. Ya ttk haitaki rangi mlangoni, inataka staili:

```
s = ttk.Style()
s.configure("Buluu.TLabelframe.Label", foreground="navy")
kundi = ttk.LabelFrame(dirisha, text="Kichapishi",
                       style="Buluu.TLabelframe")
```

Angalia herufi: `TLabelframe`, f ndogo. Klasi ya Python inaandikwa LabelFrame, staili inaandikwa Labelframe. Ukikosea utaambiwa mpangilio haupatikani, na utalitazama hilo neno nusu saa bila kuiona hiyo f. Halafu usishangae ukihamia kompyuta nyingine ukakuta rangi fulani hazishiki. Mandhari asilia za baadhi ya mifumo zina kiburi, zinajichorea zenyewe.

Kichwa ukitaka kikae katikati ni `labelanchor="n"`. Zipo nafasi kumi na mbili kuzunguka boksi zima. Chaguo-msingi ni "nw", kona ya juu kushoto. Sijawahi kuona mtu mwenye akili timamu akiweka kichwa chini kulia, lakini inawezekana.

#11 bibi_msimbo

La redio. Katika Tkinter boksi halina habari na vitufe vya redio. Vitufe vinakuwa kundi moja kwa sababu vinashiriki *variable* moja, basi. Unaweza kuvitawanya kwenye madirisha matatu na bado vikawa kundi moja. Sasa wewe naona hukuvipa variable yoyote, sivyo? Usipowapa, wote wanaangukia jina moja la pamoja ambalo Tk imeliweka tayari, `selectedButton`. Kwa hiyo A4 na Nyeusi wanagombea kiti kimoja.

```
karatasi = tk.StringVar(value="A4")
rangi = tk.StringVar(value="nyeusi")

ttk.Radiobutton(boksi1, text="A4", variable=karatasi, value="A4")
ttk.Radiobutton(boksi2, text="Nyeusi", variable=rangi, value="nyeusi")
```

(Bila shaka kila kimoja utakipanga kwa grid au pack, nimefupisha.) Na hizo StringVar ukiziunda ndani ya funksheni, zishikilie mahali, mathalani kwa `self.karatasi`. Ukiziacha ziwe za ndani ya funksheni, Python inazifagia funksheni ikiisha, na vitufe vyako vinabaki kama mayatima: vinaonekana, lakini haviko sawa.

#12 mdau_wa_Qt

Hapa ndipo swali la chipukizi lina uzito kuliko anavyodhani. "Boksi lina faida gani kama haliwezi kutenganisha?" Kwa Qt, zana nyingine ya kutengeneza madirisha, linatenganisha. Vitufe vya redio vyenye mzazi mmoja vinafutana vyenyewe, kwa hiyo ukiviweka ndani ya QGroupBox mbili tofauti, kazi imekwisha, hakuna variable. Windows Forms nayo ni hivyo: chombo ndicho kinachoamua kundi.

Na lile la tatu, kichwa chenye tiki:

```
boksi = QGroupBox("Tumia proksi")
boksi.setCheckable(True)
```

Mistari miwili. Ukitoa tiki, vya ndani vinazimika vyote. Hamia kwetu.

#13 Pikseli Moja

Nilijua tu. Hakuna uzi wa Tkinter unaofika majibu ishirini bila mtu wa Qt kugonga mlango na kitabu mkononi.

#14 Zana_za_Zamani

Hahaha. Lakini amesema kweli. Ukizunguka zana zote utaona kila moja ina jibu lake kwa swali lile lile: boksi ni *mchoro* au ni *mzazi*?

Windows ya chini kabisa, ile ya C, boksi la kundi ni mchoro mtupu. Tena kichekesho, ni kitufe! Ni klasi ile ile ya BUTTON yenye mtindo wa BS_GROUPBOX. Vilivyo "ndani" yake si watoto wake, ni ndugu zake waliokaa juu ya picha yake. Kundi la redio linaamuliwa na alama nyingine, WS_GROUP. Swing ya Java haina hata wijeti yake: unachukua JPanel unaivisha TitledBorder, na vitufe unavikusanya kwa ButtonGroup, kitu kisichoonekana kabisa. Kwa wxWidgets, vitu vya ndani zamani viliundwa kama ndugu wa boksi. Siku hizi nyaraka zake zinahimiza viwe watoto wa boksi lenyewe. GTK na WPF ni mzazi kweli lakini mwenye mtoto mmoja tu, kwa hiyo lazima umpe huyo mtoto mmoja awe kipangaji, kisha wengine wote waingie ndani yake. Mgeni wa WPF akiweka vitufe viwili moja kwa moja ndani ya GroupBox anaambiwa haiwezekani, anadhani kompyuta imeharibika.

Tk iko katikati. Boksi ni mzazi wa mpangilio na wa uhai, yaani ukiliharibu boksi, watoto wanakufa nalo. Lakini si mzazi wa tabia. Hali ya kuzimwa haishuki, uteuzi wa redio hauangalii mzazi. Ukilielewa hilo, swali lako la pili na la tatu yalikuwa swali moja.

#15 chipukizi_wa_msimbo

Mzee hiyo nimeinakili kwenye daftari.

Basi nimejaribu mwenyewe la tiki. Nimesoma kwamba kuna chaguo la `labelwidget`, unaweza kuweka wijeti yoyote iwe kichwa badala ya maandishi. Nikafanya hivi:

```
hai = tk.BooleanVar(value=True)

proksi = ttk.LabelFrame(dirisha, padding=8)
proksi.pack(padx=10, pady=10, fill="x")

anwani = ttk.Entry(proksi)
anwani.grid(row=0, column=0)
bandari = ttk.Entry(proksi, width=6)
bandari.grid(row=0, column=1)

def badili():
    for w in proksi.winfo_children():
        w.state(["!disabled" if hai.get() else "disabled"])

tiki = ttk.Checkbutton(proksi, text="Tumia proksi",
                       variable=hai, command=badili)
proksi.configure(labelwidget=tiki)
```

Inaonekana vizuri mno, tiki iko juu ya mstari kama nilivyotaka. Natoa tiki, vyote vinafifia. Nataka kurudisha tiki... haibonyezeki. Nayo imefifia! Nimejifungia nje na ufunguo nimeuacha ndani.

#16 bibi_msimbo

Umechekesha, lakini umefika mbali kwa siku moja, hongera.

Tiki ni mtoto wa `proksi`, kwa hiyo kitanzi chako kinapowapitia watoto kinamzima naye. Una njia mbili. Mruke kwenye kitanzi, au mfanye awe mtoto wa `dirisha` badala ya `proksi`. Tk inakubali kichwa kiwe ndugu wa boksi, mradi kiko ndani ya dirisha lile lile. Mimi hupendelea kumruka, kwa sababu siku ukiliharibu boksi, tiki inaondoka nalo na haibaki ikielea.

#17 msuka_kurasa

Mimi ni mtu wa tovuti, nimepita tu, ila nimecheka peke yangu. Kwenye HTML tuna `fieldset` na `legend`, ndiyo LabelFrame yetu. Ukiandika `disabled` kwenye `fieldset`, kila kidhibiti kilichomo kinazimika, *isipokuwa* vilivyo ndani ya `legend` yake ya kwanza. Nilikuwa najiuliza hiyo sheria imetoka wapi. Kumbe ni kwa ajili ya ufunguo wa chipukizi.

#18 NgaziTatu

Hapa nina mchango, na safari hii nimeujaribu kwanza. Kitanzi cha chipukizi hakifiki kwenye fremu zilizo ndani ya boksi, na kikikutana na wijeti ya zamani kama `tk.Text` kinakufa, kwa sababu haina `.state()`. Hii inashuka mpaka chini:

```
def weka_hali(mzazi, hai, ruka=None):
    for w in mzazi.winfo_children():
        if w is ruka:
            continue
        if isinstance(w, ttk.Widget):
            w.state(["!disabled" if hai else "disabled"])
        elif "state" in w.keys():
            w.configure(state="normal" if hai else "disabled")
        weka_hali(w, hai, ruka)
```

Unaiita `weka_hali(proksi, hai.get(), ruka=tiki)`.

#19 bibi_msimbo

Nzuri hii. Na umetumia `.state()` kwa za ttk badala ya `configure(state=...)`, sijui kama ulikusudia, lakini ni sahihi. Combobox (kisanduku chenye orodha ya kuchagua) iliyowekwa "readonly", yaani kuchagua tu bila kuandika, ukiizima na kuiwasha kwa `configure(state="normal")`, inarudi ikiwa inaandikika, mtumiaji anaingiza chochote. Kwa `.state(["!disabled"])` unaondoa alama moja tu, ile ya readonly inabaki mahali pake.

#20 NgaziTatu

Nilikusudia. (Sikukusudia.)

#21 chipukizi_wa_msimbo

Inafanya kazi! Ila kuna jini. Nimeongeza Combobox ya aina ya proksi ndani ya boksi. Nikitoa tiki na kurudisha, sawa. Nikiifungua ile Combobox mara moja, nikachagua, halafu nikatoa tiki:

`KeyError: 'popdown'`

Nisipoifungua, hakuna kosa. Mimi sijaandika neno popdown popote.

#22 Zana_za_Zamani

Huyo jini namjua jina. Combobox ukiifungua mara ya kwanza, Tk inaunda kijidirisha cha orodha na kukifanya mtoto wa Combobox. Kinaundwa upande wa Tcl, lugha ya asili ya Tk, Python haina habari nacho. Funksheni ya NgaziTatu inaingia ndani ya kila wijeti, hata Combobox. `winfo_children()` inapata jina la huyo mtoto, inalitafuta kwenye daftari la Python, haimwoni, inalia. Kabla hujaifungua mtoto hajazaliwa, ndiyo maana inapita salama.

Dawa ni kutoingia kila nyumba. Shuka kwenye vyombo tu:

```
VYOMBO = (tk.Frame, ttk.Frame, tk.LabelFrame, ttk.LabelFrame)

        # mstari wa mwisho wa kitanzi:
        if isinstance(w, VYOMBO):
            weka_hali(w, hai, ruka)
```

Zote nne zitaje. LabelFrame haikurithi kutoka Frame, usidhani ukitaja moja umetaja zote.

#23 mdau_wa_Qt

Naongeza kasoro moja ya hiyo funksheni ili msiseme sichangii. Tuseme ndani ya boksi kuna sehemu ya nenosiri ambayo umeizima kwa sababu nyingine, kwa mfano proksi haihitaji nenosiri. Mtumiaji akitoa tiki ya boksi na kuirudisha, kitanzi chenu kinawasha *vyote*, na nenosiri likiwemo. Qt inakumbuka kwamba ile uliizima mwenyewe kwa mkono, inaiacha ilivyo.

#24 bibi_msimbo

Kweli. Kwa Tk suluhisho langu ni la kizamani: nina funksheni moja tu inayoamua hali ya kila kitu kwenye dirisha kwa kusoma variable zote, nayo ndiyo kila tiki na kila redio inaita. Haikumbuki jana, inaangalia sasa: boksi likiwa limezimwa, nenosiri linazimwa, likiwa limewashwa, inatazama kama aina ya proksi inataka nenosiri. Ni mistari kumi na tano hivi, lakini hakuna anayemzunguka mwenzake.

#25 Pikseli Moja

Naomba sasa niseme la kwangu kama mtu wa muonekano, kisha mnipige mawe.

Chipukizi, umeonja boksi na sasa naogopa. Dalili naziona: "Ukubwa wa karatasi" boksi, "Rangi" boksi, "Proksi" boksi, na nina hakika haya yote yatawekwa ndani ya boksi kubwa liitwalo "Mipangilio" ndani ya dirisha ambalo kichwa chake ni Mipangilio. Kila boksi ni mistari minne. Maboksi sita ni mistari ishirini na minne ambayo jicho linapaswa kuipuuza ili lione visanduku vitatu vya maana.

Boksi lenye kitu kimoja ndani ni lebo iliyovaa koti. Boksi ndani ya boksi karibu kila mara linaweza kuwa nafasi tupu na kichwa chenye herufi nzito. Kichwa chenyewe kiwe jina fupi, bila nukta pacha mwishoni, na kikishasema "Kichapishi" usirudie neno kichapishi kwenye kila kilichomo: "Jina la kichapishi", "Nakala za kichapishi", "Rangi ya kichapishi". Andika Jina, Nakala, Rangi.

#26 chipukizi_wa_msimbo

Umejuaje kuhusu boksi kubwa la "Mipangilio"

#27 kisoma_kimya

Pikseli Moja nakubaliana nawe nusu. Mimi sioni, natumia kisoma skrini, na kwangu boksi halina mstari hata mmoja. Kwangu boksi ni jina.

Nikipita kwenye fomu kwa kibodi na kufika kwenye kitufe cha redio, nasikia "Ndiyo". Ndiyo nini? Fomu ikiwa imeundwa vizuri, nikiingia kwenye kundi nasikia kwanza jina lake, "Tuma taarifa za hitilafu, kundi", halafu "Ndiyo". Kwa `fieldset` na `legend` hilo linatokea lenyewe. Qt nayo hutoa jina la kundi. Sasa mtu wa muonekano akiondoa boksi na kuweka nafasi tupu na maandishi mazito, macho yenu yanaelewa, mimi napoteza lile jina. Ondoeni mstari mkitaka, lakini msiondoe kundi. QGroupBox ina `setFlat`, inapunguza mchoro na kundi linabaki. Kwenye tovuti unaweza kufuta ukingo wa `fieldset` kwa CSS na `legend` ikaendelea kusomwa.

Tkinter kwa miaka mingi imekuwa bubu kwa visoma skrini, hilo si kosa la chipukizi. Ila ukijua hivyo, andika lebo zinazojitosheleza.

#28 Pikseli Moja

Nimepokea, na nafuta neno "karibu kila mara". Hapo kwenye lebo zinazojitosheleza umenipinga waziwazi na una haki: mimi nimesema usirudie jina la kundi, wewe unasema kwa zana bubu lirudie.

#29 kisoma_kimya

Ndiyo. Zana ikisema jina la kundi, usirudie. Isiposema, rudia.

#30 chipukizi_wa_msimbo

Nimefuta boksi la "Mipangilio". Nimebaki na matatu. Nimebadilisha pia kuwa "Ukubwa wa karatasi: A4".

Swali la mwisho kabisa. Nikibonyeza Tab, nafika kwenye anwani, bandari, aina, *halafu* ndiyo tiki ya kichwa. Kwa macho tiki iko juu ya vyote.

#31 bibi_msimbo

Tab ya Tk haifuati ulivyopanga kwenye grid. Inafuata mpangilio wa kulaliana wa watoto, ambao kwa kawaida ni ule uliowaumba nao. Tiki umeiumba mwisho. Iumbe mara tu baada ya `proksi`, kabla ya `anwani`, pamoja na ule mstari wa `labelwidget`. `badili` inaweza kubaki chini, utampa `command` baadaye kwa `tiki.configure(command=badili)`.

#32 chipukizi_wa_msimbo

Imekaa. Tiki, anwani, bandari, aina. Dirisha limekamilika. Asanteni sana wote, hata mtu wa Qt.

#33 NgaziTatu

Wakuu, nimerudi. Baada ya ule ushauri wa bibi nimefungua mradi wangu wa zamani, ule ninaosema "kwangu imekuwa ikifanya kazi". Nimetafuta `= ttk.LabelFrame(` nikahesabu. Mistari kumi na mmoja, yote inaishia na `.pack()` au `.place()`.

Kumbe hakuna boksi langu hata moja lenye kitu ndani. Vyote viko kwenye dirisha kuu. Na sababu ya kuonekana viko ndani ni kwamba nilikuwa nimevipanga kimoja kimoja kwa `place(x=..., y=...)`, nikivisogeza pikseli mbilimbili mpaka vikae juu ya picha ya boksi. Ndiyo maana nilikuwa nalazimika kuzipa fremu upana na kimo. Na ndiyo maana mteja alipokuza fonti kila kitu kilihama na mimi nikamwambia tatizo ni skrini yake.

#34 Zana_za_Zamani

Karibu mwaka 2001.